Sufuria la Moralélastix: fedha zilizonuka supu ya vitunguu, na kwa nini naiona kuwa hadithi ya amana

Mwanzisha uzi

Habari za jioni, wanajamvi. Naomba nafasi niandike kwa kirefu kuhusu kitabu cha katuni ambacho nimekisoma mara nyingi kuliko kitabu kingine chochote nilicho nacho. Kinaitwa «Astérix et le Chaudron», yaani Astérix na sufuria. Kilitungwa na René Goscinny na kuchorwa na Albert Uderzo. Kilitoka kwanza kwa vipande katika jarida la Pilote la Ufaransa kati ya 1968 na 1969, kisha kikachapwa kuwa kitabu mwaka huo wa 1969, kikiwa cha 13 katika mfululizo wa Astérix. Ni hadithi ya vichekesho iliyopandikizwa katika historia, na kisa chake ni cha fedha zilizoibwa na mtu anayehangaika kuzirudisha. Wengi huiweka katika fungu la vitabu vya watoto. Mimi nashikilia kwamba ni hadithi ya amana, na kwamba msomaji aliyelelewa katika Kiswahili, ambamo neno hilo lina uzito wake, ana njia fupi ya kuufikia moyo wa kitabu hiki.

Kilifika kwetu Kigoma kwa mkono wa mjomba wangu, aliyekuwa akipeleka dagaa Bujumbura kwa boti na kurudi na bidhaa za dukani. Alikipata huko kikiwa kimechakaa, hakina jalada la nyuma wala kurasa za mwisho, akakichomeka katikati ya magunia matupu, na tangu siku hiyo kitabu kikanuka dagaa. Jioni tulikaa mkekani, taa ya chemli katikati, yeye akisoma kisanduku kimoja kimoja na kututafsiria, huku sisi watoto tukisukumana kuona picha. Alipofika mahali ambapo Astérix anainusa sarafu, mjomba alinyamaza, akakipitisha kitabu puani mwa kila mmoja wetu kwa zamu, kisha ndipo akaendelea kusoma.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka ni 50 KK. Galia yote, nchi ambayo kwa sehemu kubwa leo ni Ufaransa, imetekwa na Warumi isipokuwa kijiji kimoja, cha shujaa wetu Astérix, kwenye pwani ya Armorica, sehemu ambayo leo ni Bretagne, kwa sababu mzee Panoramix anajua kupika dawa inayompa mtu nguvu zisizo za kawaida. Siku moja anafika jirani aitwaye Moralélastix, mkuu wa kijiji kilichojengwa juu ya jabali la bahari. Jina lake limeundwa kwa maneno ya Kifaransa yenye maana ya maadili yanayovutika kama mpira, na mwenyewe analistahili: Warumi ni adui zake mpaka pale biashara nao inapomlipa. Abraracourcix, mkuu wa kijiji cha akina Astérix, hampendi. Lakini mtoza ushuru wa Kirumi yuko njiani, na Moralélastix anaomba sufuria lake lililojaa sestersi, yaani sarafu za Kirumi, lihifadhiwe katika kijiji ambacho Warumi hawathubutu kukigusa. Sufuria hilo lilikuwa la kupikia supu ya vitunguu, na harufu haijatoka. Ombi linakubaliwa, karamu inafanywa, na Astérix, ambaye hakuna anayeaminiwa kumzidi, anakabidhiwa ulinzi. Asubuhi sufuria lipo, fedha hazipo.

Linalonigusa kila ninapofika hapa ni kwamba hakuna mwanakijiji anayesema Astérix ni mwizi. Wote wanajua kuwa hakuiba, na bado anafukuzwa kijijini mpaka atakapolijaza lile sufuria. Panoramix anayempenda kama mwanawe ndiye anayeitaja sheria hiyo, na uso wake unaonyesha inavyomuuma. Obélix, rafiki wa Astérix, anaamua kujifukuza mwenyewe ili wawe pamoja, na wanaondoka wawili hao na mbwa wao Idéfix, sufuria tupu likisafiri nao.

Wapo watakaodhani kwamba adhabu hiyo ni chumvi ya mtunzi, lakini inafanana sana na jambo lililoandikwa na Julius Caesar mwenyewe, jemadari wa Kirumi aliyeiteka Galia. Katika kitabu cha 6 cha masimulizi yake ya vita vya Galia anaeleza kwamba druidi, yaani makuhani wa aina ya Panoramix, walikuwa waamuzi wa mashauri karibu yote, yakiwamo ya mauaji, ya mirathi na ya mipaka, na kwamba asiyeitii hukumu yao alipigwa marufuku kuhudhuria sadaka. Mtu wa namna hiyo alikimbiwa na watu, hakuzungumzwa naye, wala hakupewa haki hata alipoidai. Caesar anasema hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yao nzito kuliko zote. Katika kitabu hichohicho anasimulia pia kwamba ngawira walizomwekea mungu wa vita zilirundikwa mahali patakatifu, na ilikuwa nadra sana mtu kuthubutu kuzigusa au kuzificha nyumbani kwake. Kwa watu wa aina hiyo, mali iliyokabidhiwa haikuwa jambo la mzaha.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Mwanzisha uzi, shukrani kwa andiko zuri, ila naomba tutofautiane kidogo. Umeitaja amana, na katika sheria ya Kiislamu amana ina hukumu yake. Aliyewekewa mali bila malipo, akaihifadhi kama anavyohifadhi yake, halazimiki kuilipa ikiibwa au ikiungua, ila kama alivuka mipaka au alifanya uzembe. Kwa hukumu hiyo Astérix hana deni. Wazee wa kijiji kile walimdhulumu, na naona ajabu kwamba hakuna hata mmoja aliyesimama kumtetea.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, hoja yako ina nguvu, na mbele ya kadhi naamini ungeshinda. Ninalokujibu ni kwamba aliyeipokea amana kwa kinywa chake alikuwa Abraracourcix kwa niaba ya kijiji kizima. Astérix alikuwa mlinzi. Fedha zilipotoweka, kilichobaki mikononi mwao ni neno walilompa mtu ambaye hawampendi, na neno ulilompa usiyempenda ndilo gumu zaidi kulivunja, kwa sababu kila mtu atasema ulikuwa ukitafuta sababu. Ndiyo maana hakuna anayetetea, na ndiyo maana Astérix mwenyewe hajitetei. Anachukua sufuria na kuondoka. Goscinny angeweza kumpa hotuba ndefu, na naona alifanya vyema kutompa.

Naendelea na safari yao. Kwanza wanawashuku Warumi wa kambi ya jirani, wanawapiga kama kawaida yao, kisha wanagundua kuwa hawajui lolote. Wanawaendea maharamia, wale ambao katika vitabu vingi huzamishiwa merikebu yao, na kuwakuta wamechoka na uharamia na kuigeuza merikebu kuwa mgahawa. Huko nako hakuna fedha. Ndipo wawili hawa, ambao tangu kuzaliwa hawajawahi kuhitaji hata senti moja, wanapolazimika kujifunza jinsi fedha zinavyopatikana.

Sehemu hii nawasihi muisome polepole. Wanaingia mji wa Condate, ambao leo ni Rennes. Kwa kuwa wanajua kuwinda, wanaleta nguruwe pori sokoni, na Obélix anapewa kazi ya kuuza. Obélix hajui bei ni kitu gani. Kwake nguruwe pori ni chakula cha kila siku kinachopatikana nyuma ya mti wowote. Anaiuza mizigo yote kwa sestersi za kuhesabika kwenye vidole, na anarudi na furaha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Mtu yeyote aliyewahi kumwachia mtoto genge la nyanya kwa nusu saa anaufahamu uso wa Astérix katika kisanduku hicho. Baada ya hapo wanapigana ngumi ulingoni na kushinda, lakini zawadi ni visanamu visivyo na thamani. Wanachezea dau mashindano ya magari ya farasi kwa kumwamini mtu aliyewahakikishia mshindi, na wanapoteza hata kile kidogo walichokuwa nacho.

Lakini kipande ninachokipenda kuliko vyote ni cha jukwaani. Wanaingia katika kundi la waigizaji ambalo kiongozi wake anaamini katika sanaa mpya, isiyo na maneno ya kukariri, na anamwambia Obélix aseme lolote litakalomjia moyoni. Goscinny aliandika haya mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati michezo ya aina hiyo ilipokuwa ikizungumzwa sana Ufaransa. Ukumbi umejaa wakuu wa Kirumi. Obélix anasimama mbele yao, anaganda kwa woga, halafu anatamka kile anachokisema katika vitabu vingi: kwamba Warumi hawa ni wendawazimu. Hakuwa akifanya jeuri. Aliambiwa aseme la moyoni, na hilo ndilo lililokuwamo. Kundi zima linaharibikiwa kwa ajili ya mtu mmoja mkweli, na Astérix anatoka pale akiwa maskini kama alivyoingia.

Mchangiaji kutoka Bukavu

Ndugu, sisi huku tumekua na katuni za Kifaransa, na kitabu hiki nakikumbuka. Nina maswali mawili. La kwanza: wale jamaa waliingia hadi benki usiku kuiba, na mwishoni wakamvamia mtoza ushuru. Je, hapo hawakugeuka kuwa wezi wenyewe? La pili: mambo ya sarafu na kodi yaliyomo humo yana ukweli wowote wa kihistoria?

Mwanzisha uzi

Nashukuru kwa maswali yako, ndugu yangu wa Bukavu. Naanza na la pili kwa sababu ndilo linalofungua la kwanza.

Kodi ilikuwa ya kweli. Vercingetorix, kiongozi wa Wagalia, alisalimu amri katika ngome ya Alesia mwaka 52 KK, na baada ya Galia kutulizwa, Caesar aliitoza nchi hiyo sestersi milioni 40 kila mwaka, kwa mujibu wa mwandishi wa Kirumi Suetonius. Ili tupate kipimo, sestersi 4 zilikuwa sawa na dinari 1, ile dinari tunayoisoma katika Injili, na askari wa kawaida wa Caesar, hata baada ya mshahara wake kuongezwa maradufu, anakadiriwa kuwa alipata dinari 225 kwa mwaka, yaani sestersi 900. Kwa hiyo kodi ya Galia ingetosha mishahara ya askari zaidi ya 44,000 kwa mwaka mzima. Mtoza ushuru naye tunamjua kupitia Zakayo wa Yeriko, na kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo kuhusu jinsi mtu wa kazi hiyo alivyotazamwa. Uderzo alimchorea mtoza ushuru wa kitabu hiki jambo ambalo sijaliona penginepo: maneno yake yanaandikwa kama fomu, yenye visanduku na mistari ya nukta za kujazia. Mtu anazungumza, na kinywani mwake zinatoka karatasi za ofisi.

Kijiji cha juu ya jabali nacho kina msingi. Watu wa kabila la Veneti wa Armorica, ambao Caesar aliwashinda baharini mwaka 56 KK, walijenga ngome zao kwenye ncha za nchi kavu zilizoingia baharini, na Caesar analalamika jinsi zilivyokuwa ngumu kufikiwa kwa sababu maji yalipojaa yalizikata na bara.

Mengine ni ruhusa ya mtunzi. Mji wenye kumbi na benki kama ule wa kitabuni haukuwepo Condate mwaka 50 KK. Miji ya namna hiyo kaskazini mwa Galia ilijengwa baadaye, kuanzia wakati wa Augustus, mfalme wa kwanza wa Roma. Mifupa inayofukuliwa katika vijiji vya Wagalia inaonyesha kwamba walikula zaidi nguruwe wa kufugwa, na nguruwe pori mara chache. Hata sestersi yenyewe wakati huo ilikuwa sarafu ndogo ya fedha iliyotengenezwa kwa nadra. Ile kubwa ya shaba nyeupe ilikuja chini ya Augustus. Hesabu za wakati huo zilifanywa kwa sestersi, lakini mikononi mwa watu zilipita zaidi dinari. Siyasemi haya kuwalaumu Goscinny na Uderzo. Nayasema kwa sababu mtu anayejua wapi wametunga huwaheshimu zaidi pale walipokuwa wakweli.

Sasa swali la kwanza. Ndiyo, waliiba, au walijaribu. Benki waliivunja na kuikuta tupu, kwa kuwa kodi ilikwisha kuikomba. Baada ya hapo wakamvamia mtoza ushuru barabarani. Hapo ndipo Astérix alipofika chini kabisa katika mfululizo mzima, na sidhani kwamba kitabu kinamficha. Mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya neno lake amehangaika mpaka amekaribia kufanana na yule aliyemwibia. Ninachokiona cha kipekee ni kwamba katika saa hiyohiyo ndipo ukweli unapomfikia, tena kupitia puani. Anazishika sarafu za mtoza ushuru, na zinanuka supu ya vitunguu.

Warumi walikuwa na kisa chao juu ya jambo hili, na sina shaka kwamba Goscinny, mtu aliyependa kuchezea misemo ya Kilatini, alikijua. Suetonius anasimulia kwamba mfalme Vespasian, aliyetawala kuanzia mwaka 69 hadi 79, alitoza kodi kwenye mkojo uliokusanywa vyooni, kwa kuwa mafundi wa nguo waliutumia kazini. Mwanawe Titus alimlaumu. Vespasian akachukua sarafu ya malipo ya kwanza, akamsogezea puani, akamuuliza kama harufu yake inamkera. Titus akajibu kwamba haimkeri. Baba akamwambia: na bado imetokana na mkojo. Kutokana na kisa hicho Ulaya ikapata msemo kwamba fedha haina harufu. Katika kitabu chetu mambo yanageuka: fedha ina harufu, na harufu hiyo inamtaja mwenye nayo. Zile sestersi zilikuwa zimelipwa kama kodi na Moralélastix. Alikuwa amezichukua mwenyewe usiku ule alipokuwa mgeni, akikusudia kudai alipwe mara ya pili na watu wenye heshima kuliko yeye.

Tazameni jinsi jambo hilo lilivyofichwa mbele ya macho yetu. Tuliambiwa tangu kurasa za mwanzo kwamba sufuria linanuka. Tuliambiwa tabia ya mtu yule. Jina lake lilituambia pia. Astérix aliwashuku Warumi, akawashuku maharamia, na hakumshuku mwenye mali, kwa kuwa nani humshuku mtu aliyekuja kwako kuomba msaada, akala chakula chako na kulala kwako? Mjomba alipofika hapa alifunga kitabu kwa muda akasema, «Kikulacho ki nguoni mwako», na sisi watoto tukaielewa methali ile kwa mara ya kwanza.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Umenikumbusha Abunuwasi na sufuria la jirani. Aliliazima, akalirudisha na kisufuria kidogo ndani yake, akasema limezaa. Jirani akafurahi akakipokea. Mara ya pili akaliazima asirudishe, akasema limefariki. Mwenye sufuria alipobisha, akaulizwa: uliamini vipi kwamba lilizaa? Naona visa hivi viwili ni ndugu.

Mwanzisha uzi

Ni ndugu kweli, ila kila mmoja amekaa upande wake wa sufuria. Kwa Abunuwasi mwerevu ndiye mwazimaji, na anayeaibishwa ni mwenye sufuria aliyepokea faida isiyowezekana bila kuuliza. Kwa Astérix mwenye sufuria ndiye anayewatega wenye kumtunzia. Hata hivyo, wote wawili wanaangushwa na tamaa ya kupata mara mbili, na katika visa vyote viwili hakuna askari wala mahakama inayoleta haki. Chombo cha kupikia ndicho kinachotoa ushahidi. Nakushukuru, kwa maana sikuwahi kuviweka pamoja.

Mchangiaji mwingine ameniuliza kwa ujumbe fedha ziliishia wapi. Nakala ya mjomba ilikatikia juu ya jabali. Astérix amerudi kwa Moralélastix, amemrudishia sufuria lake likiwa limejaa, kama sheria ilivyotaka, na hapohapo anamdai heshima yake. Wanapigana kwa panga ukingoni, bahari iko chini, na ukurasa unaofuata haupo. Kwa miaka mingi kila mtoto wa nyumba yetu alikuwa na mwisho wake. Dada yangu alisema zilirudi kwa wanakijiji waliozichanga. Mjomba alisema Obélix alinunulia nguruwe pori, kwa bei ileile aliyouzia.

Nilipata nakala kamili nikiwa mtu mzima, Bujumbura, kwenye meza ya muuza vitabu vya mtumba, nikasoma kurasa zile nikiwa nimesimama. Jabali linabomoka. Moralélastix ananusurika kuanguka, lakini sufuria linakwenda na mawe, linamwaga sestersi zake zote hewani. Chini kabisa inapita merikebu ya maharamia, wale waliouacha mgahawa na kurudi baharini, wakiwa wameinua vichwa na kuziona fedha zikiwashukia kama mvua. Katika vitabu vilivyotangulia watu hao kwa kawaida hawakuachwa na kitu zaidi ya mbao za kuelea. Safari hii Uderzo amewachora wakicheka, na nilinunua nakala ile kwa ajili ya kisanduku hicho, nikampelekea mjomba Kigoma. Aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akakiinua kitabu puani.